Kiti cha Mwalimu Mkuu

Mtu apitaye karibu na shule ya bweni na kuiona nyumba ya mwalimu mkuu, yenye maua mbele na mti wa kivuli ubavuni, hudhani kwamba mwenye kukaa humo amekwisha kufika. Wanafunzi hunyamaza apitapo. Walimu humwamkia kwa adabu. Wazazi humngojea nje ya ofisi, kofia mkononi. Lakini huyo mwenye kuheshimiwa hivyo ana taabu moja isiyoonekana barabarani: karibu kila mtu asemaye naye ana sababu ya kumficha jambo. Mwalimu aliyekosa kipindi hataki ijulikane. Mpishi aliyepunguza maharagwe hataki sufuria ifunuliwe. Kiranja huogopa kuitwa mchongezi na wenzake atakaolala nao bweni moja usiku. Hata mzazi mwenye malalamiko ya haki huyapunguza makali, asije mtoto wake akachukiwa. Hivyo mtu aliye juu ya shule nzima aweza kuwa ndiye wa mwisho kujua yanayotendeka ndani yake.

Juu ya hayo, mwalimu mkuu katika Kenya ni mtumishi wa mabwana wengi. Tume ya Kuajiri Walimu, iliyoundwa mwaka 1967, ndiyo humwajiri na kumhamisha. Wizara ya Elimu humpa kanuni na mitaala. Halmashauri ya shule humtaka hesabu ya fedha, naye, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ndiye katibu wa halmashauri hiyo. Kanisa lililoianzisha shule lina sauti yake, na wazazi wana yao, tena hiyo ya wazazi husikika zaidi siku matokeo ya mtihani yatolewapo. Na mara nyingi mtu huyu hakufundishwa kazi yenyewe. Alikuwa mwalimu mwema wa hesabu au wa historia, akasifiwa, akafanywa naibu, kisha siku moja akapokea barua. Serikali iliona upungufu huo, ikaanzisha mwaka 1981 chuo cha kuwafundisha wakuu wa shule uongozi na utunzaji wa fedha, lakini wako wengi waliokalia kiti kwanza na kufundishwa baadaye.

Kati ya wakuu wa zamani, Bwana Edward Carey Francis anastahili kutazamwa kwa makini. Hakuwa mtu asiye na kosa. Lakini aliongoza shule mbili kubwa za nchi hii kwa miaka 34 mfululizo, na watu aliowafundisha wamesema juu yake mema na mabaya pia. Alizaliwa Uingereza mwaka 1897, akapigana katika Vita Kuu ya Kwanza upande wa mizinga, kisha akasoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge mpaka akawa mwalimu wa chuo hicho hicho. Mwaka 1928 aliiacha kazi ile, ambayo wengine wangeishika hadi uzeeni, akaja Nyanza kuwa mkuu wa shule ya misheni ya Maseno, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1906. Aliyezoea kusema na wanachuo juu ya hesabu za ndani kabisa alitakiwa sasa kuanza na tarakimu. Hakuidharau kazi hiyo. Aliandika vitabu vya hesabu kwa shule za Waafrika, na vile vya Kiswahili vilivyoitwa Hesabu za Kikwetu vilishikwa na watoto wengi ambao hawakupata kumwona mwandishi wake hata siku moja. Miongoni mwa waliosoma chini yake huko Maseno alikuwa Oginga Odinga, ambaye katika miaka ya 1940 yeye mwenyewe alikuwa mkuu wa shule ya utabibu wa wanyama pale pale Maseno, kabla ya kuingia katika biashara na siasa.

Mwaka 1940 Carey Francis alihamishiwa Alliance High School, Kikuyu. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1926 na umoja wa misheni za Kiprotestanti, na mkuu wake wa kwanza, Bwana G. A. Grieve, alikuwa ameitengeneza kwa namna yake. Mkuu mpya akija mahali palipokwisha kuzoea desturi zake, kila analogeuza huhesabiwa kuwa dharau kwa aliyetangulia, na wakuu wote waliopata kuhamishwa watalijua jambo hilo bila kuelezwa. Tena mkuu huyu alikuwa mkali. Alitaka saa ifuatwe, kazi ya mikono ifanywe, sala isikosekane, na uongo usisemwe. Hakuoa; shule ndiyo ilikuwa nyumba yake na jamaa yake, naye aliwajua wanafunzi wake mmoja mmoja. Lakini katika siasa macho yake hayakuona mbali. Hakuamini kwamba Waafrika walikuwa tayari kujitawala upesi, na wanasiasa wa Kiafrika aliwatazama kwa mashaka. Ajabu ni kwamba serikali ya kwanza ya Kenya huru, mwaka 1963, ilijaa vijana waliopita katika madarasa yake. Alikuwa akiwafundisha watu kusimama wima huku akidhani kwamba siku yao ya kutembea ingali mbali.

Mtihani wake mkubwa ulikuja na Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952 na kudumu hadi Januari 1960. Alliance ilikuwa katikati ya nchi yenye moto. Wanafunzi wengi walikuwa Wakikuyu. Huyu ana ndugu msituni, huyu ana baba katika walinzi wa nyumbani, huyu ana mjomba kizuizini, nao wote watatu wamekaa benchi moja wakisoma jiometri. Mkuu wa shule afanye nini katika hali kama hiyo? Carey Francis aliwapinga Mau Mau waziwazi, wala hakuficha. Lakini habari za wanafunzi wake zilipomfikia, za watu waliopigwa na kuteswa na askari wa serikali, hakuzifungia katika mtoto wa meza. Alisema na kuandika kwa wakubwa kwamba maovu yalikuwa yakitendeka kwa jina la sheria. Kwa mmisheni Mwingereza wa siku zile, aliyeongoza shule iliyopata msaada wa serikali, hilo halikuwa jambo dogo. Angaliweza kusema kwamba mambo ya nje ya lango si yake. Lakini vijana hawakuja shuleni peke yao. Kila mmoja alikuja na nyumba yake moyoni, na mkuu aliyetaka kumfundisha kijana hakuwa na budi kujua nyumba ile imepatwa na nini.

Mmoja wa vijana hao alikuwa marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Alliance mwaka 1955. Aliporudi kwao Limuru likizo ya kwanza alikuta mji wao umebomolewa, na watu wamehamishwa katika kijiji kipya cha amri. Kaka yake alikuwa ameingia msituni. Ngũgĩ alimwandika mkuu wake katika vitabu mbalimbali, na si kwa namna moja. Katika riwaya yake ya mwaka 1977, Petals of Blood, yumo mkuu wa shule Mzungu aitwaye Cambridge Fraudsham, na wasomaji wengi wamemwona Carey Francis nyuma ya sura hiyo ya ukali na kiburi. Lakini katika kumbukumbu za ujana wake, zilizochapishwa mwaka 2012, mtu yule yule ameandikwa kwa jina lake, na kwa upole zaidi: shule imeonyeshwa kama kimbilio katikati ya mbwa wenye kuwinda. Yamkini sura zote mbili ni za kweli. Mwanafunzi humwona mkuu wake kwa jicho moja anapokuwa na hasira, na kwa jingine atakapokuwa mzee na kukumbuka nani alimfungulia mlango.

Riwaya ile ina mtu mwingine ambaye wakuu wa shule wangefaa kumsoma kwa utulivu zaidi kuliko Fraudsham. Anaitwa Chui. Alipokuwa mwanafunzi alikuwa shujaa wa mgomo dhidi ya mkuu Mzungu, akafukuzwa. Miaka ikapita, naye akarudi shuleni akiwa ndiye mkuu, Mwafrika kwa Waafrika, na wanafunzi wakashangilia. Kumbe mwenye kurudi si yule aliyekwenda. Alishika kanuni zile zile kwa mkono mgumu kuliko wa kwanza, akakataa masomo yaliyotakwa na vijana, mpaka wao nao wakagoma kama yeye alivyogoma. Hiyo ni hadithi tu, lakini mwandishi wake alikuwa ameona mengi. Ofisi ile ina njia ya kumbadilisha mtu. Mlango unafungwa, simu inalia, Wizara inataka takwimu kabla ya saa kumi, na yule aliyekuwa mwalimu mwenye kucheka na wanafunzi uwanjani anajikuta hajaingia bwenini kwa muhula mzima.

Kinyume cha Chui chaweza kuonekana Nairobi, karibu na Kariokor. Hapo Bwana Geoffrey Griffin alianzisha Starehe mwaka 1959 pamoja na wenzake wawili, Bwana Geoffrey Geturo na Bwana Joseph Gikubu, kwa ajili ya watoto waliobaki barabarani wakati wa Hali ya Hatari. Safari ya Griffin mwenyewe ilikuwa ya kupinda. Alizaliwa Kenya mwaka 1933, akawa afisa katika jeshi lililopigana na Mau Mau, akaiacha kazi ya bunduki na kuingia katika kazi ya kuwatengeneza vijana waliowekwa kizuizini huko Wamumu. Gikubu aliyajua maisha ya kizuizi kwa upande wa pili, maana yeye alikuwa mmoja wa waliofungwa. Watu hawa wawili, mlinzi na mfungwa wa jana, wakaongoza shule moja kwa miaka mingi. Walianza na vibanda vya mabati. Baadaye Starehe ikawa kati ya shule zilizofaulu sana nchini, huku wanafunzi wake wengi wakisoma bila kulipa karo. Griffin aliiongoza mpaka alipofariki mwaka 2005, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo aliongoza pia shirika la Vijana wa Huduma kwa Taifa.

Mengi yamesifiwa katika Starehe, lakini kwa habari tunayoisema hapa jambo kubwa lilikuwa baraza. Wanafunzi walikutanika na mkurugenzi wao kwa desturi, na mvulana yeyote, hata wa kidato cha kwanza, aliweza kusimama mbele ya wote akauliza au akalalamika juu ya chakula, juu ya kiranja, juu ya kanuni ambayo haikumwingia akilini. Naye mkurugenzi alijibu pale pale, na ikiwa jambo halikuwezekana alieleza sababu. Usifikiri kwamba hilo ni rahisi. Kumsikia mtoto wa miaka kumi na minne akikwambia mbele ya mamia ya watu kwamba uji una vidonge, kisha kumjibu bila kumkemea na bila kumwekea kisasi, kunataka moyo. Tena kunataka kurudia. Baraza la siku moja halina kitu. Vijana hungoja kwanza waone aliyesema amepatwa na nini. Shule nyingi zimetundika sanduku la maoni ukutani. Lakini vijana wakijua kwamba mwenye ufunguo wa kufuli ndiye huyo huyo wanayemlalamikia, sanduku litakaa tupu mwaka mzima, na mkuu atajivuna kwamba shule yake haina malalamiko.

Nchi hii imelipa gharama kubwa kwa ukimya wa namna hiyo. Mwezi wa Julai 1991 katika shule ya St. Kizito, Meru, wavulana waliogoma waliwashambulia usiku wasichana waliokataa kuwafuata, na wasichana 19 wakafa. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, lilichomwa kwa petroli wavulana wakiwa wamelala. Walikufa 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wanafunzi walikuwa na manung'uniko kabla ya usiku ule, pamoja na habari ya matokeo ya mtihani yaliyofutwa. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilipatwa na moto katika muda wa miezi michache. Hakuna manung'uniko yanayohalalisha mauaji, na waliowasha moto ndio waliouwasha. Hata hivyo kila mara uchunguzi ulipofanywa, walikutwa watu waliosikia neno fulani siku chache nyuma, mlinzi au mwanafunzi au mpishi, na neno hilo halikupanda ngazi mpaka ofisini, au lilipanda na kupuuzwa.

Wako wakuu wasemao kwamba yote haya yalitokana na kuondolewa kwa kiboko. Ni kweli kwamba mwaka 2001 serikali ilifuta kanuni zilizoruhusu kuchapa shuleni, na sheria ya mwaka 2013 ikakaza marufuku hiyo. Lakini St. Kizito na Kyanguli zilitokea wakati kiboko kilikuwa kingali katika shule nyingi, kikipigwa mchana kweupe. Kiboko huweza kumfanya kijana anyamaze. Hakijapata kumfanya mkuu ajue kijana anawaza nini, na kwa mtu ambaye taabu yake ya kwanza ni kutojua, chombo cha kuongeza ukimya si msaada mkubwa. Tangu mwaka 2009 Wizara imetia nguvu mabaraza ya wanafunzi yenye viongozi waliochaguliwa kwa kura badala ya kuteuliwa na walimu. Mahali pengine mabaraza hayo yana uhai. Kwingine viongozi huchaguliwa kwa kura na kuhesabiwa ofisini, na kila mtu anaelewa maana yake.

Tuseme pia haki ya upande wa pili. Mkuu aweza kuwa na sikio pana na bado asiwe na la kujibu, kwa kuwa jibu ni fedha. Serikali ilipoanza mwaka 2008 kulipia masomo ya sekondari za kutwa, iliweka shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mwaka 2018 kiasi hicho kikapandishwa hadi shilingi 22,244. Lakini fedha hizo mara nyingi zimekuja kwa kuchelewa na kwa mafungu, na watoto hawali kwa mafungu. Mwenye duka la unga huandika deni kwa jina la shule, lakini hulidai kwa mwalimu mkuu mwenyewe amkutapo sokoni. Katika shule za bweni mzazi huja na gunia la mahindi au mzigo wa kuni badala ya karo, naye mkuu hulipima, hulikadiria bei, na kuandika stakabadhi, akawa mchuuzi kwa nusu saa. Akimrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya karo, ametii halmashauri na kuvunja agizo la Wizara. Akimbakiza, ametii Wizara na mpishi hana mafuta.

Kisha likaja jambo la uhamisho. Mwaka 2018 Tume ya Walimu ilianza kuwapeleka wakuu wengi mbali na wilaya walikozaliwa, kwa hoja kwamba mkuu aliye kwao huzungukwa na jamaa na wanasiasa wa mahali hapo. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini wapo waliopelekwa mahali wasipojua hata salamu ya wenyeji, wakaacha mume au mke na shamba nyuma, na wengine walikutana langoni na wazazi waliosema kwamba wanamtaka mtu wao. Baada ya miaka michache siasa ya uhamisho huo ikalegezwa, na wengi wakarudishwa karibu na jamaa zao. Mkuu wa kike aliumia zaidi katika mambo haya, kwa maana akihama yeye, majirani huuliza habari ya nyumba yake kwa namna ambayo hawamwulizi mwanamume.

Limebaki jambo moja lisilosemwa sana, nalo ni siku ya kushuka kitini. Mkuu aliyezoea kengele kwa miaka ishirini hustaafu akiwa na miaka 60, na siku ya pili asubuhi hakuna mtu wa kumsimamia. Wengine huendelea kuzunguka shule yao ya zamani wakimtia mrithi wao mashauri asiyoyaomba. Wengine hutafuta udiwani. Carey Francis alipoondoka Alliance mwaka 1962 alikuwa amekuwa mkuu wa shule tangu ujana wake, na wanafunzi wake walikuwa karibu kushika serikali. Angaliweza kurudi Uingereza kwa heshima. Badala yake alikwenda Pumwani, Nairobi, katika shule ya sekondari ya watoto wa mjini, akawa mwalimu wa kawaida chini ya mkuu mwingine. Hakuwa na ofisi wala viranja wa kumletea habari. Alifundisha hesabu kwa ratiba aliyopangiwa na mtu mwingine, akafanya hivyo kwa miaka minne, mpaka alipofariki mwaka 1966. Watu walimzika Alliance, na kati ya waombolezaji walikuwamo waliokuwa wamewahi kuadhibiwa naye, ambao sasa walikuwa wakubwa wa nchi.